Dawa Inapomwamsha Adui: Mimea na Vimeng'enya vya Bakteria

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi, tena si yangu bali ya ndugu yangu mdogo. Sikuyaficha kwa ubaya. Niliyaficha kwa kujifanya najua. Makala haya nayaandika ili mwenzangu asije akarudia kosa langu, na pia kwa sababu kosa hilo lilinifundisha jambo la Bayolojia ambalo nisingelijua kwa kukariri vitabu.

Katika likizo ya Aprili, kitinda mimba wetu mwenye umri wa miaka saba aliota jipu pajani. Mama huamka alfajiri kwenda kuchuma majani chai, basi mtoto aliachwa mikononi mwangu na mwa nyanya. Ndani ya kabati mlikuwa na kopo la vidonge vya amoksisilini vilivyobaki nilipougua kikohozi mwaka uliotangulia. Nikajiambia, dawa ni dawa. Nikampa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku tatu mfululizo, wala sikumwambia mama.

Nyanya naye alikuwa na dawa yake. Alichemsha chai kavu, ile tunayoiita strungi, mpaka ikawa nyeusi tititi. Ilipopoa alichovya kitambaa safi akakifunga juu ya lile jipu. Nilicheka. Nikamwambia, "Nyanya, hayo ni mambo ya zamani. Mimi nimempa dawa ya hospitali." Nyanya akanitazama tu, hakujibu.

Usiku wa tatu mtoto alishikwa na homa kali. Paja lilikuwa limevimba na kuwa gumu kama ubao. Kulipopambazuka mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, na siku hiyo hakuchuma hata kilo moja. Daktari alilipasua jipu, akatoa usaha, kisha akauliza mtoto alikuwa akipewa dawa gani. Nikatazama chini. Ilinibidi niseme. Daktari hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana, hiyo dawa yako inaliwa kabla haijafanya kazi." Akampa dawa nyingine iitwayo flukloksasilini, na baada ya juma moja mtoto alikuwa anacheza mpira.

Inaliwa na nani? Swali hilo lilinikosesha usingizi. Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia, maana kuuliza si ujinga. Haya ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyojifunza.

PENISILINI NA ADUI WAKE

Mwaka wa 1928, mjini London, Alexander Fleming aliona kwamba kuvu aina ya Penicillium ilikuwa imeua bakteria waliokuwa kando yake katika kisahani cha maabara. Kutokana na kuvu hiyo tukapata penisilini. Amoksisilini niliyompa ndugu yangu ni ya ukoo huo huo.

Dawa za ukoo huu hufanyaje kazi? Bakteria ana ukuta unaoizunguka seli yake, nasi binadamu seli zetu hazina ukuta wa namna hiyo. Penisilini huvishika vimeng'enya vinavyojenga ukuta huo na kuvizuia kufanya kazi. Bakteria akiendelea kukua bila ukuta imara, hupasuka. Nguvu yote ya dawa hii imo katika umbo moja dogo kama pete lililo katikati ya molekuli yake. Wanakemia huliita pete ya beta-laktamu. Pete ikivunjika, dawa si dawa tena.

Hapo ndipo adui alipopata upenyo. Mwaka wa 1940, kabla penisilini haijaanza kutumiwa na watu wengi, Edward Abraham na Ernst Chain wa Oxford walitangaza kwamba baadhi ya bakteria wana kimeng'enya cha kuivunja. Kimeng'enya hicho kinaitwa penisilinesi. Naye Fleming, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945, alionya kwamba mtu akitumia penisilini kwa kiasi kidogo mno anaweza kuwafundisha bakteria kuizoea. Nilipoambiwa hivyo nilikumbuka vile vidonge vyangu viwili kwa siku nikaona haya.

Majipu mengi husababishwa na bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, na siku hizi wengi sana wa aina hiyo wana penisilinesi. Molekuli moja tu ya kimeng'enya hiki yaweza kuvunja maelfu ya molekuli za penisilini kwa dakika moja. Kumbe daktari alisema kweli, dawa yangu ililiwa! Flukloksasilini inaponyoka kwa sababu imeundwa ikiwa na kikingio kikubwa kando ya ile pete, na kimeng'enya hakiwezi kuifikia kwa urahisi.

KIWANDA KINACHONGOJA LORI

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Bakteria hawa wengi hawatengenezi kimeng'enya hicho kwa wingi kila saa. Wanangoja mpaka dawa ije! Maana yake ni kwamba dawa yenyewe ndiyo inayomwamsha adui.

Msomaji, hebu fikiria kiwanda cha chai. Hakuna meneja atakayewasha mitambo yote usiku kucha ilhali hakuna hata gunia moja la majani lililoletwa. Huo utakuwa ufujaji wa kuni na umeme. Mlinzi hukaa langoni. Lori la majani likifika, ndipo mlango wa chumba cha mitambo hufunguliwa na kazi ikaanza.

Bakteria wa jipu hufanya vivyo hivyo, maana kutengeneza protini ni gharama kwake. Maagizo ya kutengeneza penisilinesi yameandikwa katika jeni iitwayo blaZ. Hicho ndicho chumba cha mitambo. Juu ya jeni hiyo imekaa protini iitwayo BlaI, ambayo ni kufuli. Kufuli likiwapo, maagizo hayasomwi ila kwa nadra. Kwenye utando wa seli kuna protini nyingine, BlaR1. Huyu ndiye mlinzi, tena amesimama mguu mmoja nje na mguu mmoja ndani. Penisilini ikigusa sehemu yake ya nje, sehemu ya ndani huamka na kulikata lile kufuli. Maagizo husomwa, na katika dakika chache penisilinesi huanza kumiminika. Dawa ikiisha, makufuli mapya hutengenezwa na chumba hufungwa tena.

Mtindo huu wa jeni kuamshwa na kitu kinachoingia ulielezwa vizuri mwaka wa 1961 na Wafaransa wawili, François Jacob na Jacques Monod. Wao walichunguza jinsi bakteria wa utumbo, Escherichia coli, wanavyotengeneza kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa pale tu sukari hiyo inapokuwapo. Mwaka wa 1965 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzao André Lwoff.

MIMEA INAINGIA WAPI?

Sasa tumrudie nyanya na strungi yake. Mmea hauna miguu ya kukimbia wala mikono ya kupigana, kwa hivyo hujilinda kwa kemikali. Majani chai yamejaa kemikali ziitwazo katekini. Ile hali ya ukakasi unayoisikia ulimini ukinywa chai nzito bila maziwa hutokana na kemikali za jamii hiyo zikigandamana na protini za mate yako. Kama zinaweza kushika protini za mate, je, haziwezi kushika protini za bakteria?

Wataalamu wamejiuliza swali hilo hilo. Mwaka wa 2002 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yao kuhusu katekini moja ya chai ya kijani, ambayo jina lake refu ni epigalokatekini galeti. Waligundua kwamba katika maabara inaizuia penisilinesi isifanye kazi, na kwamba penisilini ikichanganywa na katekini hiyo huweza tena kuwashinda Staphylococcus wenye kimeng'enya hicho. Yaani kwa mfano wetu wa kiwanda, lori limefika, mlango umefunguliwa, lakini mitambo imekwama.

Mimea mingine imejaribiwa pia. Kemikali iitwayo korilajini, iliyopatikana katika mmea Arctostaphylos uva-ursi, ilijaribiwa huko huko Japani dhidi ya bakteria sugu zaidi wajulikanao kama MRSA. Hawa waligunduliwa Uingereza mwaka wa 1961, muda mfupi baada ya dawa ya methisilini kuanza kutumika. Silaha yao kubwa ni kimeng'enya kingine cha kujengea ukuta, PBP2a, ambacho penisilini haikishiki vizuri. Nacho pia huweza kuamshwa na dawa. Korilajini ilipunguza kidogo utengenezaji wa PBP2a, lakini zaidi ilikiharibia uwezo wake wa kufanya kazi.

Ni muhimu kuona tofauti hapo. Kuzuia kimeng'enya kisitengenezwe ni jambo moja. Kukizuia kisifanye kazi kikishatengenezwa ni jambo jingine. Mimea inayofanya kazi ya pili imepatikana kwa urahisi zaidi kuliko ile ya kwanza.

SI KILA MMEA NI RAFIKI

Kabla hujakimbilia shambani kuchuma majani, sikiliza upande wa pili. Mimea mingine humsaidia adui!

Katika gome la mti mmoja unaoota Ulaya mna kemikali za jamii ya salisilati, ndugu wa aspirini. Tangu miaka ya 1980 imejulikana kwamba E. coli akikuzwa maabarani pamoja na salisilati huwa mgumu zaidi kuuawa na dawa kadhaa za kuua bakteria. Sababu ni kwamba salisilati huliondoa kufuli jingine, protini iitwayo MarR. Likiondoka, bakteria huongeza pampu za kusukuma dawa nje ya seli na kupunguza matundu ya kuingizia dawa. Hapo mmea ndio ulioleta lori langoni, na mlinzi akafungua ghala la silaha.

Simwambii mtu aache aspirini aliyoandikiwa na daktari, la hasha. Ninachosema ni kwamba neno "asilia" halina maana ya "salama". Majani hayana upande. Kemikali moja humfunga adui mikono na nyingine humpa ngao, na kwa macho huwezi kuzitambua.

KUTOFAUTISHA AINA TATU ZA UKIMYA

Basi mtaalamu hujuaje mmea umefanya nini? Mwalimu alitufundisha tufikirie kiwanda kilichonyamaza. Ukipita karibu na kiwanda usisikie ngurumo, huenda mlinzi hakufungua mlango. Au mitambo imekwama. Au wafanyakazi wote ni wagonjwa kitandani. Ukimya ni ule ule, lakini sababu ni tatu.

Maabarani kuna kemikali iitwayo nitrosefini. Rangi yake ni ya manjano, na penisilinesi ikiivunja hugeuka kuwa nyekundu. Tuseme tuna chupa nne zenye bakteria wale wale. Ya kwanza haitiwi kitu. Ya pili hutiwa dawa kidogo ya kuwaamsha. Ya tatu hutiwa kemikali ya mmea peke yake. Ya nne hutiwa dawa na mmea pamoja. Baadaye kila moja hupimwa kwa nitrosefini. Ikiwa ya pili ni nyekundu sana na ya nne haikugeuka, mwanafunzi mwenye haraka atapiga kelele, "Mmea umezuia kimeng'enya!"

Polepole, ndugu yangu. Kwanza hesabu bakteria walio hai katika kila chupa. Kama ndani ya ile ya nne wamekufa nusu, bila shaka kimeng'enya kitapungua hata kama mmea haukugusa lile kufuli. Pili, chukua penisilinesi iliyokwisha kutengenezwa uichanganye na mmea. Ikishindwa kufanya kazi, basi mitambo ndiyo iliyokwama, na mlinzi hana habari. Ni pale tu ambapo bakteria wako hai, na kimeng'enya kilicho tayari kinafanya kazi kama kawaida, lakini kipya hakitengenezwi, ndipo unapoweza kusema kuwa mmea umezuia kuamka kwa jeni. Na ile chupa ya tatu? Hiyo ndiyo itakayotuonyesha kama mmea wenyewe unamwamsha adui, kama salisilati ifanyavyo.

Tafadhali, mtu asijaribu jambo hili katika maabara ya shule wala jikoni kwao. Kuwafuga bakteria wa majipu ni kazi ya wenye ujuzi na vifaa vya usalama.

CHAI YA NYANYA

Nilipomaliza kuelezwa haya, mawazo yangu yalirudi kwa nyanya. Je, strungi yake ilisaidia?

Tazama kwanza jinsi chai nyeusi inavyotengenezwa. Kiwandani majani hukatwakatwa na kuachwa yapate hewa. Vimeng'enya vya jani lenyewe huzigeuza katekini nyingi kuwa kemikali nyingine zenye rangi ya kahawia na nyekundu. Hizo ndizo huipa chai yetu ya Kenya rangi na ukali wake. Chai ya kijani hupashwa moto mapema ili vimeng'enya hivyo vife, kwa hivyo katekini hubaki nyingi. Maana yake, sufuria ya nyanya ilikuwa na kiasi kidogo cha ile kemikali iliyojaribiwa Japani. Tena hata anayekunywa chai ya kijani hupata damuni kiasi kidogo sana kuliko kile kilichotiwa katika chupa za maabara, kwa kuwa tumbo hufyonza katekini chache. Na kitambaa juu ya ngozi hakiufikii usaha ulio ndani ya jipu.

Siku moja jioni nilimweleza nyanya yote hayo, tukiwa tumekaa jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo mjukuu wangu, mimi niliharibu au nilisaidia?"

Nikamjibu kweli, "Nyanya, kitambaa chako hakikulitibu jipu. Lakini kilichomchelewesha mtoto ni vidonge vyangu, maana ndivyo vilivyotufanya tukae siku tatu tukidhani anatibiwa."

Nyanya akasema, "Basi sote wawili tulikuwa tunabahatisha. Tofauti ni kwamba mimi sikucheka."

Maneno hayo yaliniingia. Nilimwomba radhi.

TAMATI

Msomaji mpendwa, faida ya utafiti huu kwa watu kama sisi ni ipi? Penisilini na ndugu zake wa karibu ni dawa za bei nafuu. Kemikali ya kumzuia mlinzi asilikate kufuli, au ya kuikwamisha mitambo, ingeweza kuzirudishia nguvu. Jambo hili si ndoto. Asidi ya klavulaniki, inayoizuia penisilinesi, ilipatikana kutoka kwa bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces clavuligerus, na tangu mwaka wa 1981 huuzwa Uingereza ikiwa imechanganywa na amoksisilini. Kama bakteria wa udongoni alitupa hiyo, huenda mmea ulio nyuma ya nyumba zetu ukatupa nyingine. Lakini lazima upimwe, ujulikane ni kemikali gani, kwa kipimo gani, na pamoja na dawa ipi. Na haja ni kubwa. Imekadiriwa kwamba katika mwaka wa 2019 pekee, usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliwaua watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Kwa sasa nawaomba mambo matatu. Usimpe mtu vidonge vilivyobaki kabatini, maana huwezi kujua bakteria wake wana kimeng'enya gani. Ukienda hospitali, mwambie daktari kila ulichotumia, cha duka na cha shamba, bila haya. Na mzee akikuonyesha jani, usicheke. Uliza, kisha upime.

Ndugu yangu sasa anakimbia kama swara, lakini pajani ana kovu kubwa kama sarafu ya shilingi ishirini. Kila ninapomwogesha naliona. Naona ni heri liwepo, lisije likanisahaulisha.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini bakteria wa jipu hatengenezi penisilinesi nyingi wakati hakuna dawa?
2. Eleza kazi ya BlaR1 na ya BlaI kwa mfano wako mwenyewe, usitumie kiwanda cha chai.
3. Mwanafunzi aliona nitrosefini haikugeuka kuwa nyekundu katika chupa yenye dawa na mmea. Taja sababu tatu zinazowezekana, na useme utazitofautisha vipi.
4. "Cha asili hakina madhara." Jadili kauli hii ukirejelea katekini na salisilati.